Aliyeacha Pombe Asiachwe Peke Yake: Namna ya Kutafuta na Kuhudhuria Kikundi cha Kusaidiana

  

Wiki hii safu yetu ya afya na usafi haitazungumzia malaria wala vyoo. Itazungumzia jambo ambalo nyumba nyingi za Waislamu wa pwani yetu ya kusini, kuanzia Mikindani mpaka Msimbati na Kilambo, zinalo lakini hazilisemi. Nalo ni mume, baba au kijana anayekunywa pombe, ambaye moyoni anataka kuacha na hawezi.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita, alfajiri ya mwezi pili Ramadhani, nikiwa zamu katika kituo kimoja cha afya, bajaji iliingia ikiwa na kijana aliyefungwa mikono kwa kanga. Alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka, anazungumza na watu ambao sisi hatuwaoni. Njiani alikwishaanguka kifafa. Baba yake akanieleza: "Dokta, huyu alikuwa mlevi. Kabla ya mwezi kuandama tukamwapisha, akaacha, tukamfungia chumbani asitoroke. Sasa tangu aache, jini limempanda." Walikuwa wameshampeleka kwa mtaalamu wa kutoa majini, na usiku mzima ulipotea huko.

Ndugu msomaji, lile halikuwa jini. Ilikuwa ni maradhi ya kukata pombe ghafla, na maradhi hayo yanaua. Tulimpa dawa ya kutuliza, vitamini B1 na dripu, na siku ya nne alikaa kitandani akanywa uji. Siku ya kumruhusu nilimpa mawaidha ya nusu saa, nikamsomea aya ninazozijua tangu madrasa, nikamwambia asirudie. Nikaona kazi yangu imekwisha.

Baada ya Idi nilikutana na mama yake sokoni. Nikamuuliza hali ya mgonjwa. Akasema: "Mwanangu, amerudi kule kule. Kuacha aliacha, Ramadhani yote hakugusa. Lakini wenzake wa tembo walikuwa wanampitia kila jioni kumjulia hali. Wenzake wa msikitini hakupita hata mmoja."

Maneno ya yule mama yalinichoma, kwa sababu na mimi ni mmoja wa hao ambao hawakupita. Makala haya ni deni ninalomlipa.

POMBE ZA KWETU NA MSIMU WAKE

Kila mahali pana pombe yake. Kwetu Mtwara kuna tembo la mnazi, na kuna pombe za mabibo ya korosho. Juisi ya mabibo ikiachwa ichachuke huwa uraka. Ikipikwa na kukingwa mvuke wake huwa gongo, ambayo wengine huiita nipa. Gongo mbali ya kuwa haramu katika dini imekatazwa pia na sheria ya nchi. Mpikaji wa gongo hana kipimo, na pombe za namna hii zinaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Mtu aliyekunywa akaanza kuona ukungu machoni, kuumwa sana tumbo au kuhema kwa shida, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo bila kungojea kulewa kumwishe.

Pombe za viroba serikali ilizipiga marufuku Machi 2017, lakini chupa ndogo na gongo vimebaki. Na mabibo yanaiva wakati ule ule fedha ya korosho inapoingia. Kuanzia Oktoba minada ya MAMCU na TANECU inapofanyika, mkulima aliyevumilia mwaka mzima anapata fedha nyingi kwa mkupuo, huku uraka unauzwa kila kichochoro kwa bei ya chini. Aliyeacha mwezi wa nne anaanguka mwezi wa kumi na moja. Tutairudia nukta hii.

Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2024 lilieleza kuwa pombe ilihusika na vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019 peke yake. Na Januari 2023 shirika hilo lilisema wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Muislamu aliyesoma Suratul Maidah (5:90-91) hakuhitaji kungoja tamko hilo, lakini ni vizuri jirani zetu nao walijue.

NI DHAMBI AU NI MARADHI?

Swali hili huulizwa sana. Jawabu langu ni kwamba kunywa ni dhambi, na kutawaliwa na pombe ni maradhi. Moja halifuti jingine. Mzinifu akipata kaswende tunamtibu kaswende, na toba yake ni kati yake na Mola wake.

Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku kwa miaka hujizoesha kufanya kazi pombe ikiwemo mwilini. Ikitoweka, ubongo hupiga kelele kama mashine iliyotolewa breki. Ndiyo maana mtu anaweza kulia kwa majuto ya kweli asubuhi, na jioni ukamkuta kilabuni. Hakudanganya asubuhi. Mwili umemshinda jioni.

Na tuangalie mafunzo ya Mtume (s.a.w.). Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa alikuwepo mtu mmoja jina lake Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume, naye aliletwa zaidi ya mara moja kuadhibiwa kwa ajili ya kunywa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume (s.a.w.) akamkataza asimlaani, akaeleza kuwa mtu huyo anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilikuwepo, lakini mlango wa msikiti haukufungwa. Sisi leo tumegeuza: adhabu hatuna, ila laana tunayo kila baraza.

Tukumbuke pia kuwa maswahaba wenyewe walikatazwa ulevi kwa hatua. Kwanza walielezwa kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake (2:219), kisha wakakatazwa kuikurubia swala wakiwa wamelewa (4:43), ndipo likaja katazo la mwisho. Hukumu leo imekamilika na hakuna wa kuirudisha nyuma. Lakini katika hatua zile tunajifunza jinsi Mola alivyoijua nafsi ya mwanadamu, na kwamba walioacha waliacha wakiwa jamaa, bega kwa bega, wala hawakuacha kila mtu gizani kwake.

JIPIME KWANZA

Yapo maswali manne ambayo matabibu wameyatumia kwa miaka mingi. Jiulize ukiwa peke yako na ujibu kweli. Je, umewahi kuona kuwa inakupasa upunguze kunywa? Je, watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema juu ya kunywa kwako? Je, umewahi kujuta au kujiona mkosefu kwa sababu ya kunywa? Je, umewahi kunywa asubuhi ili kutuliza mikono au kuondoa uchovu wa jana?

Muislamu anayekunywa bila shaka atajibu ndiyo katika lile la kujuta, na majuto hayo ni alama ya imani iliyobaki. Lakini ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi, na hasa lile la asubuhi, elewa kuwa nia peke yake haitoshi. Unahitaji tabibu, na baada ya tabibu unahitaji watu.

KABLA YA KIKUNDI, HOSPITALI

Hapa naomba kila mama na kila baba asome mara mbili. Mtu anayekunywa sana kila siku asifungiwe chumbani aache kwa nguvu. Saa 6 mpaka 24 baada ya kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka, kutokwa jasho, kichefuchefu na kukosa usingizi. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa kabisa, akaona wadudu ukutani au kusikia sauti, mapigo ya moyo yakaenda mbio na homa ikapanda. Hatua hiyo asipotibiwa anaweza kufa.

Aliye hatarini zaidi ni yule anayekunywa tangu asubuhi, aliyewahi kuanguka kifafa alipoacha zamani, mzee, na mwenye maradhi mengine kama ya ini au kisukari. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile anayoamua kuacha, kabla dalili hazijaanza. Mtwara tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, na kwa walio upande wa Masasi ipo Ndanda. Zipo dawa halali zinazochukua nafasi ya pombe kwa siku chache na kupunguzwa kidogo kidogo mpaka mwili utulie. Mueleze tabibu ukweli wote: kinywaji gani, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Ukimficha, unajificha mwenyewe.

Na ikiwa ni Ramadhani? Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine (2:184-185). Mtu aliye katika hatari ya kifafa ni mgonjwa kweli kweli. Asione haya kumeza dawa mchana.

KIKUNDI CHA KUSAIDIANA NI KITU GANI?

Hospitali humaliza kazi yake kwa wiki moja au mbili. Yanayobaki ni maisha yenyewe: jioni ya saa kumi na mbili, fedha mfukoni, rafiki anayeita kwa mkono. Hapo ndipo kikundi kinapohitajika.

Kikundi ni watu wenye tatizo moja wanaokutana siku na saa maalumu, wakaelezana walivyokuwa, kilichowabadili na walivyo leo. Hakuna daktari juu yao wala hakimu. Mlevi anamsikiliza mlevi.

Maarufu zaidi ni Alcoholics Anonymous, wengi huita AA, yaani walevi wasiotajwa majina. Ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, pale mfanyabiashara Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alipokutana na daktari wa upasuaji Bob Smith aliyekuwa ameshindwa kuacha. Wilson aligundua kuwa akizungumza na mlevi mwenzake, yeye mwenyewe hamu inamtoka. Walikuwa wawili tu. Mwaka 1939 walichapisha kitabu kinachoeleza hatua 12: kukiri kuwa umeshindwa, kumkabidhi Mungu mambo yako, kujihesabu makosa, kuwaomba radhi na kuwalipa uliowadhulumu, kisha kuwasaidia wengine. Mwaka 1951 wake na jamaa wa walevi nao wakaanzisha chao, Al-Anon. Leo AA ipo katika takriban nchi 180, na hapa kwetu mikutano imekuwa ikifanyika Dar es Salaam na Arusha.

Msomaji atasema, hayo ni ya Wamarekani na Wakristo. Asifanye haraka. Mwaka 1989 Waislamu wa Baltimore, huko huko Marekani, walianzisha Millati Islami, wakazipanga hatua zile 12 juu ya misingi ya Uislamu, na ndani yake anatajwa Allah waziwazi. Karibu na sisi zaidi, Zanzibar, tangu mwaka 2009 zimekuwepo soba hausi, nyumba ambamo vijana walioathirika na heroini, bangi na pombe hukaa miezi kadhaa wakifuata hatua hizo hizo 12, wakiswali jamaa na kufunga Ramadhani. Wengi wa waliopita humo ni watoto wa Kiislamu, wamesoma vyuo kama mimi na wewe.

Je, kinasaidia kweli? Mwaka 2020 jopo la Cochrane, linalopitia tafiti za tiba, lilikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Walioelekezwa kwa utaratibu katika AA, 42 kati ya kila 100 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja. Waliopewa tiba nyingine za ushauri walikuwa 35. Tazama namba hizi kwa macho mawili. Walioelekezwa katika kikundi walifanikiwa zaidi kuliko waliopewa tiba hizo nyingine. Na hata hivyo zaidi ya nusu walikuwa wamekunywa tena. Kwa hiyo mtu wako akiteleza usiseme kikundi ni upuuzi, wala usiseme yeye hana imani.

NAMNA YA KUKITAFUTA

Kwanza, anzia kliniki ya afya ya akili katika hospitali uliyotibiwa. Usiogope jina hilo, si ya vichaa. Uliza kama pana siku ya ushauri wa pamoja kwa waliokuwa wakitumia pombe. Kama haipo, muombe mhudumu akukutanishe, kwa ridhaa ya pande zote, na mtu mwingine mmoja anayetibiwa tatizo hilo. Wawili wanatosha kuanza.

Pili, muone afisa ustawi wa jamii wa manispaa au wa halmashauri ya wilaya. Kazi yake ni pamoja na kujua vikundi vilivyopo.

Tatu, kama una safari za Dar es Salaam au Zanzibar, ulizia huko. Mvuvi au mfanyabiashara anayekaa mjini wiki mbili anaweza kuhudhuria mara nyingi akajifunza utaratibu, akarudi nao nyumbani.

Nne, simu. Tangu janga la korona mwaka 2020 mikutano mingi ya AA duniani hufanyika kwa Zoom pia. Mingi ni kwa Kiingereza, lakini anayekielewa anaweza kusikiliza akiwa chumbani kwake Msangamkuu.

Tano, imamu wako. Mueleze faragha. Imamu mwenye hekima anaweza kuwa anawajua watatu wengine waliomjia kwa siri, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

SIKU YA KWANZA

Wengi hufika mlangoni wakageuka. Nakueleza yanayotokea ndani ili usigeuke.

Utakaribishwa kwa jina lako la kwanza tu. Hakuna kiingilio, na hakuna daftari linalopelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mwajiri. Mkutano huchukua kama saa moja. Mmoja anaongoza, wengine wanazungumza kwa zamu. Ukifika zamu yako waweza kusema "leo nasikiliza" na hakuna atakayekulazimisha. Mtu akizungumza hakatizwi, hajibiwi wala hapewi fatwa. Yaliyosemwa humo yanabaki humo.

Nenda bila kuwa umekunywa siku hiyo. Lakini kama umekunywa na moyo unakusukuma uende, nenda, kaa nyuma usikilize. Kabla hujaondoka omba namba ya mtu mmoja aliyekutangulia kuacha, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke. Huyo ndiye utakayempigia saa ile miguu inapoelekea kilabuni. Mpigie kabla ya glasi, si baada yake.

Usihukumu kwa siku moja. Hudhuria walau mara sita. Walio katika AA huwashauri wapya wahudhurie kila siku kwa siku 90 za mwanzo. Kwetu huenda isiwezekane, lakini mara mbili au tatu kwa wiki inawezekana.

MASWALI YA WAISLAMU

La kwanza, je, kueleza dhambi mbele ya watu si kujifedhehesha, nasi tumeamrishwa kujisitiri? Ni swali zuri. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim amelaumiwa anayefanya dhambi usiku Mola akamsitiri, kisha asubuhi akaitangaza mwenyewe. Mimi ni tabibu, si mufti, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini mgonjwa humvulia tabibu nguo aonyeshe kidonda, na hilo halikuitwa kujianika. Anayejitangaza barazani kwa kujisifu ni tofauti na anayezungumza kwa siri na wagonjwa wenzake akitafuta dawa. Tena huna haja ya kusimulia kila ulilolifanya. Inatosha kusema "pombe ilinishinda, na jana ilinijia hamu."

La pili, mikutano mingine hufanyika katika chumba cha kanisa. Sehemu nyingi duniani AA hukodi vyumba hivyo kwa sababu ya urahisi, nayo si ya dini yoyote. Wakimaliza kwa dua isiyo yako, kaa kimya na umuombe Mola wako kwa moyo. Ukipata kikundi cha Waislamu ni bora. Usipokipata, usikae na kilabu kwa kuogopa chumba.

La tatu, wanawake. Wanawake wanaokunywa wapo, nao huficha zaidi kwa sababu aibu yao ni kubwa zaidi. Wawe na siku yao na kiongozi mwanamke.

La nne, kwa nini toba na swala zisitoshe? Mtume (s.a.w.) alisimulia habari ya mtu aliyeua watu 99, kisha akakamilisha mia, akataka kutubu. Mwanachuoni aliyemfikia alimwambia mlango wa toba uko wazi, kisha akamwelekeza aiache nchi yake yenye uovu aende kwenye watu wanaomuabudu Allah akaabudu pamoja nao. Toba ikafuatana na kubadili watu. Na Suratul Asr (103) imewatoa katika hasara walioamini na kutenda mema, na wakausiana. Mtu hausiani peke yake.

KIKIWA HAKIPO, KIANZISHENI

Katika vijiji vyetu vya mwambao, Msimbati, Madimba, Nalingu na vinginevyo, usingoje mradi. Watu wawili walioacha, au mmoja aliyeacha na mmoja anayetaka, wanatosha.

Chagueni mahali pasipo mbele ya macho ya wapita njia: darasa la chuo watoto wakishatawanyika, au ukumbi wa nyumba ya mwenzenu. Chagueni siku isiyobadilika, baada ya Isha. Wavuvi wa dagaa wanajua kuwa kazi yao ni usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika. Basi zile siku za mbalamwezi, ambazo wengi walikuwa wanazinywa, ziwe ndizo siku za kukutana kila usiku.

Fungueni kwa Fatiha. Mmoja asome masharti: la humu halitoki, hakuna kukatizana, hakuna kukopeshana, hakuna siasa, hakuna kuhubiriana. Kila mtu apewe dakika tano. Mwishoni muulizane: kabla hatujakutana tena, siku gani itakuwa ngumu kwako, na nani atakuwa nawe siku hiyo? Kisha dua na chai. Kopo la michango ya chai na sukari latosha, hazina kubwa huleta ugomvi. Vikombe visafishwe vizuri na maji yawe yamechemshwa, kwani hii bado ni safu ya usafi.

Aliye na degedege, anayetapika damu, aliyepata manjano ya macho au anayesema atajiua, kikundi hakimtoshi. Huyo ni wa hospitali usiku ule ule.

KWA MKE, MAMA NA WATOTO

Mama yangu, dada yangu, hukumfanya awe mlevi, na huwezi kumponya kwa kulia wala kwa kuvunja chupa. Lakini yapo unayoyaweza. Usilipe deni lake la kilabuni. Usimwambie bosi wake kuwa ana malaria wakati amelewa. Usimseme akiwa amelewa, subiri asubuhi akiwa na akili zake, mwambie maneno machache: "Baba fulani, watoto wamekuona jana. Kuna watu wanakutana Jumatano. Nitakuandalia kanzu." Fedha ya korosho ikiingia, kubalianeni mapema ada, chakula na madeni vilipwe siku hiyo hiyo.

Akikupiga, hilo si jambo la kikundi wala la subira. Nenda kwa wazazi au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto lililo polisi. Na wewe pia tafuta wanawake wawili watatu wenye mzigo kama wako mkae pamoja, kwani mwenye kuuguza naye huugua.

AKITELEZA

Akinywa tena, arudi kikundini kesho yake, akae kiti kile kile. Asianze upya kwa kujilaani. Aulizwe maswali matatu tu: ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, na ulimpigia nani? Majibu hayo ndiyo dawa ya safari ijayo. Na kama alikunywa mfululizo kwa siku nyingi, arudi kwanza kwa tabibu, kwa sababu ile hatari ya kifafa imerudi pia. Mola amewakataza waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehema yake (39:53), basi sisi ni nani tuwakatishe?

Na kikundi kijiandae kwa msimu. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba mabibo yanaponuka mashambani, mikutano iongezwe. Aliyeacha asiende peke yake kuchukua fedha benki, wala asilale peke yake shambani.

Yule kijana niliyeanza naye, nilipoyasikia maneno ya mama yake, nilikwenda kwao siku ya pili baada ya Alasiri. Nilimkuta anashona nyavu. Sikumpa mawaidha. Nilikaa naye chini ya mwembe, tukala muhogo, nikamuuliza kama ninaweza kurudi Alhamisi. Akasema njoo. Alhamisi ya tatu alikuwapo mwenziwe mmoja, fundi seremala, ambaye naye alikuwa anataka kuacha. Ameteleza mara mbili tangu wakati huo, na mara zote mbili amerudi. Mimi si mwanachama, nilikaa nao mpaka walipojua njia, kisha nikawaachia Alhamisi yao.

Ndugu msomaji, bila shaka unamjua mmoja mtaani kwako aliyetangaza kuacha. Leo jioni, kabla wale wengine hawajampitia, mpitie wewe.